Ubwiriunga, Mnyauko na Majina ya Maradhi ya Miti

Kati ya istilahi zote za kilimo, ninayoipenda kuliko zote ni ubwiriunga. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi huitamka kila msimu wa mikorosho kuchipua na kutoa maua, baina ya Juni na Septemba, asubuhi zinapokuwa na baridi na umande. Ubwiri ni utando wa kuvu juu ya mmea. Unga ni sura yake. Shika kikonyo cha maua ya mkorosho ulioshambuliwa, utaona weupe unaofutika kwa kidole. Weupe huo ndio ugonjwa wenyewe, yaani nyuzi za kuvu na chembe zake za kuzaliana, zimekaa nje, juu ya ngozi ya mmea.

Hapo ndipo istilahi hii inapofanya kazi kubwa. Kwa kuwa adui yuko nje, salfa ya unga inayopulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia, humkuta alipo. Mkulima aliyelielewa jina anaelewa pia kwa nini apulize mapema: salfa hukinga ua ambalo bado ni zima, wala haifufui lililokwisha kunyauka. Tunaiita dawa, na neno hilo limewaponza wengi, maana dawa mtu huitafuta akishaugua.

Kuvu hiyo ilichangia maafa makubwa. Uzalishaji wa korosho Tanzania, uliofikia kiasi cha tani 145,000 msimu wa 1973/74, ulishuka chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Bei mbaya na wakulima kuhamishiwa vijijini, mbali na mashamba, vilikuwa na sehemu yao, lakini ubwiriunga ulikausha maua hata kwenye mikorosho iliyotunzwa. Kituo cha utafiti cha Naliendele kiliisaidia mikoa ya kusini kusimama tena, kwa salfa na kwa miche bora yenye kustahimili.

Sasa tazama neno mnyauko. Ni neno zuri, kila mtu analijua, na ndiyo maana linanitia wasiwasi. Halimtaji adui, linaeleza tu anavyoteseka mgonjwa. Mti hunyauka kwa kiu, kwa mchwa, kwa mizizi kuoza, kwa kuvu, kwa bakteria. Huko Kagera kahawa na migomba hukaa kibanja kimoja, na vyote viwili vina mnyauko. Wa mibuni huletwa na kuvu aina ya fuzari: kwangua gome karibu na ardhi, utakuta michirizi ya bluu iliyokaribia weusi kwenye mti wa ndani. Wa migomba huletwa na bakteria: kata shina, usaha wa manjano hafifu utachuruzika. Mbuni mgonjwa hung'olewa na kuchomwa papo hapo. Mgomba huondolewa ua dume mapema kwa kijiti chenye panda, wadudu wasije kupata njia, na panga hupitishwa motoni kabla ya kugusa shina lingine. Panga hilohilo, likimjeruhi mbuni wakati wa palizi, humfungulia fuzari mlango. Mwenye kibanja akiambiwa tu kwamba kuna mnyauko, ameambiwa nusu ya habari, na nusu aliyonyimwa ndiyo inayookoa shamba.

Ndiyo maana nasema mnyauko fuzari na mnyauko bakteria ziandikwe kwa ukamilifu kila mara, hata kwenye kipeperushi cha ukurasa mmoja.

Ugonjwa wa kunyong'onyea wa minazi ya pwani una shida hiyohiyo, ingawa jina lake linanigusa zaidi. Mnazi hudondosha vidaka na madafu, makuti huwa manjano, kisha kilele chote huanguka na kubaki nguzo. Kisababishi ni kiumbe kidogo kuliko bakteria wengi, kinachoishi ndani ya mishipa ya kupitishia chakula, mahali ambapo hakuna unga wala bomba linalofika. Mnazi wa namna hiyo hukatwa.

Wataalamu wa mimea hutenganisha mambo mawili: namna mti unavyoitikia ugonjwa, na mwili wa adui unaoonekana kwa macho. Sisi yote mawili tunayaita dalili. Naona inafaa dalili ibaki kwa maumivu ya mti, na ishara iwe kwa adui mwenyewe. Kunyauka ni dalili. Unga mweupe ni ishara. Bwana shamba akiuliza, "Umeona ishara gani?", mkulima atainama, ageuze jani, akwangue gome.

Istilahi chulebuni nayo inastahili sifa. Chule ni jamii ya magonjwa ya kuvu yanayoacha mabaka meusi yaliyobonyea, na buni ndiyo inayoshambuliwa, ingali kijani. Neno moja limetaja aina ya adui na mahali anapouma. Mkulima wa Kilimanjaro anajua kwamba mrututu wa kukinga kuvu lazima ufike kwenye tunda, usiishie majani ya juu.

Nawaomba mnaotunga istilahi na mnaoandika vipeperushi vya kilimo: kabla ya kulipitisha jina la ugonjwa, mpeni mkulima alisome, kisha mwulizeni atakwenda kuangalia wapi kwenye mti. Akishindwa kujibu, litafuteni jingine.