Ule Mlio Sio Risasi: Historia Fupi ya Moto Unaotoka Kwenye Ekzosti

Jioni moja hapa Onduparaka, nje kidogo ya mji wa Arua, kijana wa boda alipita akipigisha ekzosti: pa! pa! pa! Wenzake wa steji wakashangilia. Mama mmoja kutoka kwetu Ituri, aliyekuwa anauza mihogo kando ya barabara, akajitupa chini na kumfunika mtoto wake. Akaniuliza, "Mwanangu, wamefika hata huku?" Nikamjibu, "Hapana Mama, ni pikipiki tu." Lakini hata mimi moyo ulikuwa unadunda.

Ndugu zangu, tangu siku ile nimekuwa nikiuliza mafundi na kusoma: hii kitu inatoka wapi?

Tuanze na injini. Ndani ya silinda, petroli inachanganyika na hewa, plagi inatoa cheche, mchanganyiko unawaka na kusukuma pistoni. Ili iungue vizuri, kilo 1 ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Sasa, petroli ikizidi, au cheche ikichelewa, nyingine inatoka bila kuungua na kuingia kwenye ekzosti, ambayo tayari ina joto kali. Ikikutana na hewa huko, inalipuka. Usiku unaona mpaka mwali. Yaani ule mlio ni petroli iliyoungua mahali pasipo pake.

Zamani hiyo ilikuwa dalili ya ugonjwa, na fundi aliitwa haraka. Waliougeuza kuwa ujuzi ni watu wa mbio za magari, na mbio hizo tunazijua Afrika Mashariki. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Bingwa wake mkubwa alikuwa mtu aliyekimbia kama sisi. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda. Mwaka 1972, Idi Amin, ambaye ukoo wake unatoka jirani zetu hapa Koboko, aliwafukuza Waasia, na familia ya Mehta ikahamia Kenya. Mwaka uliofuata Mehta akashinda Safari Rally kwa Datsun 240Z. Akashinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982. Mara 5! Na magari yake yote hayo hayakuwa na turbo.

Turbo ndiyo iliyoleta ule moto wa makusudi. Ni feni inayozungushwa na moshi wa ekzosti ili kuisukumia injini hewa zaidi. Mwaka 1984 Toyota Celica yenye turbo, ikiendeshwa na Björn Waldegård, ilishinda Safari. Lakini turbo ina kasoro: dereva akiachia mafuta kwenye kona, moshi unapungua, feni inapunguza mwendo, na akikanyaga tena gari linachelewa kuitikia. Miaka ya 1990 wahandisi wa mbio wakatumia dawa yake: cheche icheleweshwe na hewa iachwe ipite, ili petroli iwakie kwenye ekzosti yenyewe na kuendelea kuzungusha feni. Ndiyo maana magari ya mbio ya miaka ile, kama Subaru Impreza ambayo Colin McRae alishinda nayo Safari mwaka 1997, yalikuwa yanalia kama bunduki kila kona. Gharama yake ni kubwa: turbo na ekzosti huchakaa haraka kwa joto. Timu za mbio zina pesa za kubadilisha.

Halafu vijana wakaiga ule mlio bila ile kazi. Kwenye magari ya mitaani wanarekebisha kompyuta ya injini ili imwage petroli na kuchelewesha cheche, gari lipige tu. Kwenye boda ni rahisi zaidi: unazima swichi huku pikipiki inatembea, injini inaendelea kufyonza petroli bila cheche, petroli inajaa kwenye sailensa, ukiwasha tena, pa! Hakuna mwendo ulioongezeka hata kidogo. Umechoma petroli uliyonunua kwa jasho lako, na kesho unaweza kukuta sailensa imepasuka au valvu zimeungua.

Wenzetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, mnatuuliza kwa nini mtu aliyefika miaka mingi iliyopita bado hapati usingizi. Njooni mkae barabarani jioni moja, mtasikia sababu mojawapo.

Na wewe ndugu yangu wa boda, sikukatazi kupenda injini. Hata mimi nazipenda. Lakini Mehta alishinda mara 5 bila huo moto. Ukipita pale kwa Mama wa mihogo, acha swichi ilivyo. Yeye bado anauza pale pale, na kila pikipiki ikikaribia, mkono wake unamtafuta mtoto.