Ritifaa, kutoka Paris hadi Murang'a

Mtambo wa kusafisha maji wa Norsborg, kusini-magharibi mwa Stockholm, ulifunguliwa mwaka 1904. Kwa Kiswidi unaitwa Norsborgs vattenverk: s ya umiliki imeshikana na jina, bila ritifaa. Mwingereza angeandika Norsborg's, na kwa lugha yake hilo ndilo sahihi.

Alama yenyewe Waingereza waliipata Ufaransa. Geoffroy Tory, mchapishaji wa Paris, aliipigia debe mwaka 1529 ionyeshe herufi iliyodondoshwa. Kazi ya umiliki ilikuja baadaye, na ya wingi ikachelewa zaidi, hadi karne ya 18. Ndiyo maana boy's ni ya mvulana mmoja, boys' ni ya wengi. Kibao cha sokoni kinachotangaza potato's kimekosea, maana viazi havimiliki kitu. Na it's ni ufupisho wa it is au it has tu.

Marekani ilianza kuifuta ritifaa kwenye majina ya mahali mwaka 1890. Kisiwa cha Martha's Vineyard kilirudishiwa yake mwaka 1933.

Kwetu ritifaa inabeba sauti, na haistahili kuachwa. Ng'oa ni kutoa mti na mizizi yake. Ngoa ni tamaa au wivu. Ukiandika Muranga au Thiongo, umeharibu jina la kaunti na la ukoo. Mswidi huenda akayatamka vizuri hata hivyo, kwa sababu ng ya finger ya Kiswidi ni ile ile ya ng'ombe. Msomaji wa Mombasa atatamka g.