Hati za Tenzi na Kalamu ya Muhamadi Kijuma

Katika visiwa vya Lamu na Pate, tenzi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa zaidi ya miaka mia mbili. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Bwana Mwengo mwaka 1728, ni miongoni mwa tungo kongwe zilizotufikia kwa maandishi. Mafundi wa Siyu, mji wa kisiwa hichohicho, waliandika misahafu yenye nakshi nyekundu, nyeusi na njano juu ya karatasi zilizotoka Ulaya.

Ukurasa wa utenzi uliufuata ubeti. Vipande vinne vya mizani nane viliwekwa katika mstari mmoja mrefu, kutoka kulia kwenda kushoto, na kati ya kipande na kipande kukatiwa pambo dogo. Vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja. Cha nne hubeba kina kinachorudi katika kila ubeti hadi mwisho. Ndiyo maana ukingoni kushoto herufi zilezile hushuka mstari baada ya mstari, na jicho hukiona kina kabla sikio halijakisikia. Huo ndio uzuri mkuu wa hati hizi, hata kuliko rangi zake.

Waajemi nao walitenga mishororo ya beti zao katika safu, wakazizungushia mistari ya dhahabu. Ila nakala ya Shahnama, utenzi wa wafalme wa Uajemi, iliyoandikwa Herat mwaka 1430, ilitoka katika karakana ya mwana wa mfalme, Baysunghur, penye waandishi, wachoraji na wajalidi wengi. Lamu haikuwa na karakana ya namna hiyo; huko mtu mmoja aliweza kubeba kazi nyingi. Muhamadi Kijuma, aliyezaliwa huko karibu mwaka 1855 na kufariki 1945, alikuwa mtunzi, mwanamuziki, mchonga milango na mwandishi wa khati. Watafiti Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann walipata kwake nakala nyingi za tenzi, na bila mkono wake elimu ya ushairi wa kale ingekuwa na pengo kubwa.

Kusoma hati hizo kulidai ujuzi. Katika nyingi za kale, herufi ba ilisimama kwa b, p na hata mb. Aliyeujua utenzi kwa moyo hakupotea. Baadaye waandishi waliazima kwa Waajemi herufi za p na ch, zenye nukta tatu.

Mbali na pwani, herufi za Kiarabu zilifika Ujiji, mkoani Kigoma, pamoja na misafara ya karne ya 19. Lakini katika nyanda za juu za Buha, ziliko Kasulu na Kibondo, habari za mwami, yaani mtawala wa Waha, na ukoo wake ziliendelea kuhifadhiwa kwa masimulizi.

Nakala nyingi za Kijuma ziko London na Ujerumani. Hata hivyo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyo wake wa hati za Kiswahili, ambao orodha yake, iliyotayarishwa na J. W. T. Allen, ilichapishwa mwaka 1970. Wanafunzi wa Kigoma wanaosoma ushairi waanzie hapo.