Hati Mbili za Kiunguja na Uchaguzi wa Programu za Utambuzi wa Matini

Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifisha Kiunguja kwa herufi za Kirumi. Programu za kompyuta zimeurithi uamuzi huo. Tesseract, iliyobuniwa katika kampuni ya Hewlett-Packard na kuachiwa huria mwaka 2005, ina modeli ya Kiswahili, lakini ni ya herufi za Kirumi tu. Kwa magazeti na vitabu vya shule yatosha.

Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani, nje kidogo ya Mji Mkongwe, zimehifadhi pia Kiswahili cha hati ya Kiarabu, na hapo ndipo penye kazi. Katika tahajia ya zamani herufi moja iliweza kubeba b, p na hata mb, hivyo “pata” na “bata” huandikwa sawa. Modeli ya Kiarabu huzitambua herufi hizo, kisha huzivuta ziwe maneno ya Kiarabu. Kosa hilo ni baya kuliko ukurasa mtupu, maana halijitambulishi.

Kwa miswada ya mkono, Transkribus inafaa zaidi, kwa kuwa mtafiti huifunza mwenyewe kwa kurasa zilizokwisha kunukuliwa. Wanukuzi hao, lakini, ni wazee waliozizoea herufi hizo tangu chuoni, nao hawaongezeki.