KMRU

Joseph Kamaru (anajulikana zaidi kwa jina la kisanii KMRU, alizaliwa Nairobi, 1997) ni mwanamuziki wa Kenya anayetunga muziki wa kielektroniki ambao mara nyingi hauna mdundo wala mwimbaji. Ni mjukuu wa Joseph Kamaru (1939–2018), mwimbaji mashuhuri wa benga kwa lugha ya Kikuyu. Kwa kuwa jina ni moja, wawili hao huchanganywa.

Malighafi yake ni sauti za kawaida anazozinasa mwenyewe mitaani na porini. Kwenye kompyuta huchagua chache, huzirefusha na kuziachia nafasi. Msikilizaji aliyezoea singeli, yenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, anaweza kudhani wimbo bado haujaanza. Inambidi asubiri: mvumo uliokuwa mbali husogea mbele polepole mno hata asijue ulihama lini.

Albamu ya Peel, iliyotolewa mwaka 2020 na lebo ya Editions Mego, ndiyo iliyomtambulisha nje ya Afrika Mashariki. Baadaye alisomea sanaa ya sauti mjini Berlin, Ujerumani.

Katika Temporary Stored (2022) alitumia rekodi za Kiafrika zilizohifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, tangu enzi za ukoloni. Hiyo pengine ndiyo kazi yake nzito kuliko zote, kwani inauliza sauti hizo ni mali ya nani. Nyimbo za babu yake huzitoa upya mwenyewe kupitia intaneti.