Fundi Konde, askari wa Burma na gitaa lake

Albamu inaitwa Zilizopendwa '91. Wenyewe ni Them Mushrooms, bendi ya vijana wa pwani ya Kenya iliyojulikana duniani kwa "Jambo Bwana", wimbo ambao hakuna mhudumu wa hoteli ya ufukweni asiyeujua. Lakini jina la albamu haliishii hapo. Yameongezwa maneno: Pamoja na Fundi Konde.

Wengi waliosikiliza Mushrooms wakati huo hawakumjua Konde ni nani. Alikuwa mzee anayekaribia miaka sabini, na nyimbo zake zilikwishasikika kwenye gramafoni kabla baadhi ya vijana hao hawajazaliwa. Tumezoea kusikia kwamba mtoto ameasiliwa. Hapa mambo yaligeuka, vijana ndio walioasili mzee. Walimtoa kivulini, wakamweka mbele ya kipaza sauti, wakapiga nyimbo zake naye akiwamo.

Fundi Konde alizaliwa Agosti 1924 Mwabayanyundo, wilayani Kilifi. Muziki aliuanzia shuleni. Alijifunza kupiga klarineti kwanza, gitaa likaja baadaye. Nasisitiza klarineti kwa sababu ukisikiliza gitaa lake kwa makini utaona linavuta pumzi. Halijazi kila nafasi. Linasema, linanyamaza, linasema tena, kama mtu aliyefundishwa kwamba pumzi zina mwisho.

Kisha vita vikaja, na Konde akaingia jeshini.

Jeshi lenyewe kwa Kiingereza ni King's African Rifles, lakini babu zetu hawakuwa na haja ya maneno yote hayo. Waliliita Keya. Liliundwa mwaka 1902, na katika Vita vya Pili vya Dunia liliwachukua watu wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasa hadi Abisinia, Madagaska na mwisho Burma. Kwa Mpwani safari ya Burma ilikuwa na kinyume chake cha ajabu. Yeye huufahamu upepo wa kusi kama upepo unaorudisha majahazi Arabuni na Bara Hindi. Kule Burma kusi huohuo ndio unaoleta mvua inayogeuza barabara kuwa tope la kumeza magari. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ililipita tope hilo katika bonde la Kabaw, huku malaria na Wajapani wakiwasumbua askari. Mwanzoni mwa Desemba waliingia Kalewa, kando ya mto Chindwin, na mwezi huohuo wahandisi wakatandaza hapo daraja la vyuma la zaidi ya mita 350. Wakati ule halikuwapo daraja jingine la aina hiyo lililolizidi urefu.

Wengine hata huko hawakufika. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Kilindini na msafara kuelekea Colombo, ikiwa imebeba wanamizinga wa Afrika Mashariki pamoja na wauguzi na mabaharia. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, manowari ya Kijapani iliipiga. Mchana ule abiria wengi walikuwa wamekusanyika ndani wakisikiliza muziki. Meli ilizama kwa muda mfupi kuliko wimbo mmoja wa santuri, na watu zaidi ya 1,200 wakafa.

Naitaja meli hiyo kwa sababu watu hudhani muziki jeshini ni pambo. Jeshi lenyewe halikudhani hivyo. Lilianzisha kikosi cha burudani cha askari wa Afrika Mashariki, na humo ndimo alimokuwa Konde. Walizunguka India, Ceylon na Burma wakiwapigia wenzao. Mtu yuko maelfu ya maili kutoka kwao, barua zinachukua miezi, chakula ni cha mkebe, halafu jioni anasikia Kiswahili kinaimbwa kwa gitaa. Ofisa wa Kizungu aliita jambo hilo kutunza ari. Sidhani askari aliyeketi chini akisikiliza alilipa jina lolote.

Vita vilipokwisha Agosti 1945, burudani ilizidi kuhitajika. Meli za kurudi nyumbani hazikutosha, na maelfu ya watu wa Keya walibaki kambini wakingoja zamu. Kungoja kulizaa mambo. Mwanahistoria Mohamed Said ameandika jinsi Abdulwahid Sykes, kijana wa Dar es Salaam aliyezaliwa mwaka uleule wa 1924, alivyokaa na wenzake katika kambi ya Kalieni karibu na Bombay, mkesha wa Krismasi mwaka 1945, wakizungumza juu ya kuunda chama cha siasa wakifika nyumbani. Waruhiu Itote naye alipigana Burma, kisha akarudi Kenya akawa Jenerali China wa Mau Mau. Na hawakukosa sababu. Wazungu waliopigana vita hivyohivyo walitengewa mashamba katika nyanda za juu za Kenya. Mwafrika alipewa kiinua mgongo kidogo kuliko Mzungu wa cheo kilekile, akaelekezwa njia ya kijijini kwao.

Konde hakurudi na siasa, au kama alirudi nayo hakuimwaga jukwaani. Alirudi na bendi. Miongoni mwa wapiga muziki wa kikosi cha burudani walitoka Rhino Boys, waliokuja kutumbuiza katika madansa ya miji ya Afrika Mashariki. Nembo ya Divisheni ya 11, ile iliyoshonwa begani mwa sare, ilikuwa kichwa cha kifaru. Mimi huona jina la bendi lilitoka begani hapo, walivua sare wakabaki na kifaru.

Miji waliyoirudia ilikuwa tayari ina kiu ya gitaa. Tangu 1933 kampuni ya HMV ilikuwa ikiuza Afrika santuri za mfululizo wa GV, nyingi zikiwa muziki wa Kuba. Santuri ya kwanza katika mfululizo huo ni "El Manisero", wimbo wa mwuza karanga wa Havana. Watu hawakuelewa Kihispania, ila walielewa mdundo, pengine kwa sababu ulikuwa umesafiri tu na sasa unarudi nyumbani. Beni, ngoma za mashindano zilizoiga gwaride na tarumbeta za Wazungu, zilikuwa zimeanza kuchosha. Kijana wa mjini alitaka kumshika mwenziwe kiunoni na kucheza foksitroti, rumba na kwikistepu. Alitaka dansi.

Dansi hilo Konde aliliimba kwa Kiswahili cha pwani. Sauti yake ni ya mtu anayekusimulia jambo akiwa ameegemea ukuta. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza nchini Kenya kupiga gitaa la umeme, lakini hakulitumia kupiga kelele. Wimbo wake "Majengo Siendi Tena" unajitosheleza kwa jina. Karibu kila mji wa Afrika Mashariki una mtaa wake wa Majengo, na karibu kila mwanamume wa zama zile alikuwa na sababu ya kuapa hatakwenda tena, kabla ya kwenda tena Jumamosi. "Tausi Ndege Wangu" nao ni mwepesi kiasi kwamba ukiusikia mara mbili unadhani umeujua tangu utotoni.

Santuri zenyewe zilikuwa za mizunguko 78 kwa dakika. Upande mmoja hubeba dakika tatu hivi, wimbo mmoja, basi. Sindano ya chuma huisha makali ikahitaji kubadilishwa, na santuri ikianguka huvunjika kama sahani ya udongo. Mtungaji aliyezoea dakika tatu hana nafasi ya kujisifu. Lazima aingie, aseme lake, atoke. Nadhani ndiyo maana nyimbo za Konde hazizeeki upesi, hazina mafuta ya ziada.

Hata hivyo, zilisahaulika. Miaka ya 1960 na 1970 ilikuja na magitaa ya Kongo, solo ndefu na sebene, kisha benga kutoka kandokando ya ziwa Nyanza. Mtindo wa Konde ukaonekana wa wazee. Redio ikauweka kwenye kapu la zilizopendwa. Tanzania huita nyimbo kama hizo zilipendwa. Kwa vyovyote ni neno la wakati uliopita, nalo linamwumiza msanii aliye hai.

Mushrooms walikuwa na desturi ya kushirikiana na wengine, na waliwahi kurekodi taarabu na mwimbaji Malika. Walipomfikia Konde wangeweza kuzichukua nyimbo tu, kwani wangapi wamezichukua nyimbo za wazee bila hata kubisha hodi? Wao walimchukua na mwenye nyimbo. Katika miaka hiyohiyo ya 1990 rekodi zake za zamani zilikusanywa tena katika albamu, na wasikilizaji wa Ulaya wakaanza kuuliza huyu ni nani.

Fundi Konde alifariki Juni 2000, akiwa na umri wa miaka 75. Makaburini Taukkyan, nje kidogo ya Yangon huko Burma, majina ya askari wa Keya yamechongwa mawe kwa mawe, mengine ya Kigiriama, ya Kikamba, ya Kinyamwezi. Yeye alirejea kwao. Ukiipata nakala ya wimbo wake iliyotolewa moja kwa moja kwenye santuri, usiruke sekunde za mwanzo. Kabla ya gitaa kuingia unausikia kwanza mkwaruzo wa sindano ikitafuta mfereji wake, kisha kimya kifupi, kisha anaanza.