Mapambo ya Matatu

Utamaduni wa taifa haumo katika ngoma na vinyago peke yake. Umo pia ndani ya matatu. Jina hilo latokana na nauli ya mapeni matatu, yaani senti 30, iliyotozwa zamani za kukaribia uhuru. Abiria walikalia mabenchi ya mbao. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kufanya kazi bila leseni maalumu. Ushindani ukazidi, na kadiri miaka ilivyopita mafundi wa Nairobi walivika viti ngozi ya plastiki, wakapamba dari kwa vitambaa na taa. Kanuni za mwaka 2004 ziliagiza mikanda na mstari wa manjano, michoro ikafifia. Mwaka 2014 ikaruhusiwa tena. Sheria hulinda maisha ya msafiri, nayo sanaa humpa heshima. Taifa lahitaji zote mbili.